Refa amesimama juu ya mpira, kwani kuna nini? Mambo ya sabu katika mpira wa Kimarekani

Ilikuwa saa tisa na kitu usiku, ile saa ambayo watu wenye akili zao wamelala, nami niko sebuleni na mpwa wangu tunaangalia mpira wa Kimarekani. Timu yenye mpira imeshajipanga, kila mtu yuko tayari, mara refa mmoja anakwenda kusimama pale pale mpira ulipo, kanyoosha mikono, hasogei. Wachezaji wanamtazama. Saa inahesabu. "Mjomba, huyo refa kawakatalia nini?" Kabla sijajibu, refa akarudi nyuma na mpira ukaanza.

Dakika chache baadaye timu ile ile ikajipanga kwa pupa vilevile. Safari hii refa hakwenda kusimama kwenye mpira. Mlinzi mmoja mnene alikuwa bado anakimbilia nje, mkono tumboni, mpira ukaanza, na kitambaa cha njano kikarushwa: adhabu kwa timu ya yule mnene.

"Sasa mbona hapa hakuwazuia?"

Swali zuri, na si la mpwa wangu peke yake. Kila Super Bowl (fainali ya ligi yao kuu, NFL) inapofika, watu waliozoea Simba na Yanga au Ligi Kuu ya Uingereza huamka usiku kuuangalia huu mchezo, kisha asubuhi wanaulizana kwenye makundi ya WhatsApp: hawa watu wanaingia na kutoka kama wapo sokoni, nani anawahesabu? Na zile timu zinazocheza mbiombio, zinabadilisha wachezaji saa ngapi?

Nianze na jibu, halafu nilifungue polepole. Timu zinazocheza mbiombio, mara nyingi, hazibadilishi. Mbio zenyewe zina kazi moja kubwa: kumnyima mpinzani nafasi ya kubadilisha. Ukilishika hilo, yale mawili ya refa yanaeleweka yenyewe.

Kwanza, sabu zenyewe

Katika soka letu la kawaida, kocha ana sabu 5 (zilikuwa 3 hadi 2020, zikaongezwa wakati wa korona, na mwaka 2022 zikawa za kudumu), na mchezaji akishatoka ndiyo basi, hana kurudi. Kwa hiyo sabu kwetu ni uamuzi mzito. Kocha anaitunza kama mtu anavyotunza noti ya mwisho mfukoni.

Kule Marekani ni kinyume. Uwanjani kila timu ina watu 11, sawa na sisi, lakini kubadilisha hakuna idadi. Mtu anaingia, anatoka, anaingia tena, hata mara arobaini. Katika ligi ya NFL timu ina wachezaji 53 kwenye orodha yake, na siku ya mechi inaweza kuwavalisha hadi 48. Wanaoshambulia ni kundi moja, wanaolinda ni kundi jingine kabisa, na liko kundi la tatu linaloingia kwenye mateke tu. Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, alipata nafasi hasa katika hilo kundi la tatu. Anaingia teke linapigwa, anakimbia kama kafukuzwa, anaangusha mtu, anarudi kukaa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani mchezaji alishambulia na kulinda mechi nzima. NFL ilifungua mlango wa sabu huru mwaka 1943, vita ilipokuwa imewachukua vijana na timu hazina watu, ikaufunga nusu mwaka 1946, na mwaka 1950 ikauacha wazi moja kwa moja. Vyuo vikuu vilisitasita zaidi. Vilibana tena mwaka 1953 na havikuachia kabisa hadi katikati ya miaka ya 1960. Mlango ulipofunguka, wakazaliwa mabingwa wa kazi moja. Kuna mtu analipwa mamilioni kwa kurusha mpira nyuma kati ya miguu yake wakati wa teke, na hana kazi nyingine.

Ubingwa wa kazi moja una udhaifu wake. Ukimkuta bingwa huyo mahali pasipo pake, umempata. Mchezo wa mbio unawinda hapo.

Sekunde 40

Sasa maneno mawili matatu, maana bila haya tutapotezana.

Timu yenye mpira inapewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, ambazo ni kama mita 9 na kidogo. Ikifika, inapata mengine 4. Kila jaribio ni tukio fupi la sekunde chache: mpira unaanza, watu wanagongana, mtu anaangushwa au mpira unadondoka, filimbi. Halafu kimya. Katika kimya hicho saa ya sekunde 40 inaanza kuhesabu kushuka, na timu lazima ianzishe jaribio jingine kabla haijafika sifuri.

Kwa kawaida timu hutumia sekunde hizo kwa starehe. Wachezaji wanakusanyika kwenye duara, vichwa chini, na kotabeki (huyu ndiye mpangaji, kila kitu kinapita mikononi mwake) anawaambia kinachofuata. Wakati huo wawili wanatoka, wawili wanaingia, na ng'ambo ya pili walinzi nao wanaingia na kutoka wanavyotaka. Kila mtu anapata alichokuja nacho.

Timu ya mbio inalifuta duara. Mtu akiangushwa, wote wanakimbilia mpira ulipo, wanajipanga, na wanaweza kuanza zikiwa zimebaki sekunde 25, au 28. Maelekezo yanakuja kwa ishara za mikono, kwa neno moja lenye maana ya sentensi nzima, au kwa mabango. Chuo Kikuu cha Oregon, chini ya kocha Chip Kelly kati ya 2009 na 2012, kilijulikana kwa mabango makubwa yenye picha za ajabu ajabu yaliyoinuliwa kando ya uwanja. Mtazamaji anaona katuni, mchezaji anasoma: kimbia kulia, wewe zuia, wewe jifanye.

Namba zinazopigiwa kelele

Hapa ndipo wengi wanapoachwa nyuma, ilhali ni hesabu ya darasa la pili.

Kati ya wale 11 wanaoshambulia, mmoja ni kotabeki na watano ni majabali wa mbele, watu wa kilo 140 kwenda juu, ambao kazi yao ni kuzuia. Hao sita hawabadiliki hovyo. Wanabaki watano, na hao watano ndio kocha anachezea. Wako wa aina tatu. Wa kwanza ni mkimbiaji, anayekaa nyuma na kupewa mpira mkononi. Wa pili ni mtu wa ndani, mrefu na mzito, nusu jabali nusu mdakaji. Wa tatu ni mdakaji wa pembeni, mwepesi, wa kukimbia mbali.

Makocha wanalitaja kundi kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni wakimbiaji, ya pili ni watu wa ndani, wanaobaki ni wadakaji wa pembeni. Kwa hiyo "moja-moja" ni mkimbiaji 1, mtu wa ndani 1, wadakaji 3. "Moja-mbili" ni mkimbiaji 1, watu wa ndani 2, wadakaji 2. "Mbili-mbili" ni kundi zito kabisa: mdakaji mmoja tu, wengine wamekuja kugongana.

Walinzi nao wanajibu. Wakiona kundi zito limeingia, wanaleta wanene. Wakiona wadakaji wengi, wanatoa mnene mmoja na kuleta mwepesi wa kukimbizana nao. Mpangilio wa walinzi wepesi watano huitwa nikeli, kutokana na ile sarafu ya Marekani ya senti 5. Wakiwa sita wanauita daimu, jina la sarafu ya senti 10. Hesabu hapo haikai sawa, lakini ndiyo sarafu inayofuata na jina limeshakaa.

Kuna mtu mmoja kwenye benchi la walinzi ambaye kazi yake ni kutazama nani anaingia upande wa pili na kupiga kelele namba. Mkitaka kujua kazi yenye presha, ni hiyo.

Mlango wa mwendokasi

Sasa ile sheria iliyomchanganya mpwa wangu.

Chukulia basi la mwendokasi pale Dar es Salaam. Dereva akisimama na kufungua mlango ili ampakie mtu wake mmoja, hawezi kuufunga usoni mwako wewe unayetaka kushuka. Kafungua kwa hiari yake, basi angoje. Lakini asipofungua mlango, wewe ukiamua kuruka dirishani, ni shauri yako.

Timu yenye mpira ndiyo dereva. Ikiingiza hata mtu mmoja mpya, walinzi wanapata haki ya kubadilisha pia, na marefa wanatakiwa kuhakikisha nafasi hiyo ipo. Ndiyo maana refa anakwenda kusimama juu ya mpira. Anawaambia washambuliaji: mmefungua mlango wenyewe, tulieni wenzenu washuke.

Timu yenye mpira isipobadilisha mtu, mlango haujafunguliwa. Walinzi wanaruhusiwa kubadilisha wakitaka, hakuna sheria inayowakataza, ila hakuna atakayewangojea. Yule mnene aliyekuwa anakimbilia nje aliruka dirishani. Mpira ukaanza yeye akiwa bado ndani, wakawa 12, yadi 5 zikaenda.

Watu wengi wanadhani refa anayesimama pale anaipendelea timu inayolinda. Hapana, na wala hana uamuzi wa kuwapa muda mwingi kadiri wanavyotaka. Anawapa muda wa kutosha mtu kukimbia kutoka benchi na mwingine kutoka, basi. Washambuliaji nao hawaruhusiwi kuingiza mtu halafu wakaanzisha haraka ili wawakamate wenzao wakiwa 12. Katika NFL ujanja huo ukionekana, jaribio linarudiwa na kocha anaonywa, na akirudia anaadhibiwa. Isipokuwa dakika 2 za mwisho za kila kipindi, ambapo sheria hiyo ya kuwangojea inalegea na kila mtu anajitegemea.

Kuna ujanja ulioitangulia sheria. Mwaka 1988 Cincinnati Bengals, chini ya kocha Sam Wyche, walikuwa wanajikusanya karibu kabisa na mstari mpira unapoanzia, wakiwa zaidi ya 11. Walinzi wanatazama, hawajui nani atabaki. Ghafla waliozidi wanachomoka nje, waliobaki wanaanzisha. Walinzi walioleta wanene wanagundua waliobaki ni wepesi, au kinyume chake. Januari 1989, saa chache kabla ya nusu fainali na Buffalo Bills, ligi ikamtumia Wyche ujumbe kwamba mbio zake siku hiyo zingeadhibiwa, baada ya upande wa Buffalo kulalamika. Bengals wakashinda hivyo hivyo, 21 kwa 10. Na unajua nani walikuja kuwa mabingwa wa kucheza bila duara miaka miwili tu baadaye? Buffalo Bills hao hao. Walifika Super Bowl mara nne mfululizo kwa mtindo huo, kotabeki Jim Kelly akiita mashambulizi mwenyewe uwanjani. Nne zote walipoteza, lakini hiyo ni hadithi nyingine, na watu wa Buffalo hawapendi kuisikia.

Tuitazame kwa karibu

Tuseme timu yenye mpira imeingia na kundi la moja-mbili: watu wa ndani wawili. Walinzi wameliona, wakasema hawa wanataka kukimbia na mpira, wakaleta wanene. Ni jibu sahihi.

Jaribio la kwanza, wanakimbia kweli. Yadi 4. Filimbi.

Saa inasoma 40. Mkimbiaji anamrudishia refa mpira mkononi, hautupi, maana mpira ukibingirika refa anapoteza sekunde tatu kuufuata. (Angalia hili kwenye televisheni: timu ya mbio inamtunzia refa mpira kama mtoto.) Sekunde ya 34, majabali watano wameshajipanga. Benchi la walinzi limesimama, kocha anataka kutoa mnene mmoja alete mwepesi, anaangalia nani kaingia upande wa pili. Hakuna aliyeingia. Sekunde ya 31, mmoja wa wale watu wa ndani, badala ya kukaa pembeni mwa jabali, anatembea kwenda mbali kabisa, karibu na mstari wa nje, kama mdakaji. Mlinzi mnene wa katikati anamtazama, anatazama benchi, anaelewa kwamba anayetakiwa kumfuata kule nje ni yeye. Benchi linampungia mkono: nenda. Sekunde ya 27, mpira unaanza.

Huyo mlinzi ni mtu wa kugongana katikati. Amekuja na gambuti, akakuta ni ukumbi wa dansi, na mlango umefungwa. Mpira unarushwa kwa yule mtu wa ndani aliyekwenda nje. Yadi 15.

Sasa kila kitu kinarudi. Watu ni wale wale, benchi la walinzi lina hamu ile ile ya kubadilisha, na mpira tayari uko chini. Safari hii yule mtu wa ndani anarudi karibu na majabali, wanene wanapumua kwa shida, na mpira anapewa mkimbiaji.

Ukiuliza nani kabadilisha mchezo hapo, hakuna sabu hata moja iliyofanyika. Watu kumi na mmoja wale wale walikuwa timu mbili tofauti ndani ya sekunde 13. Kwa hiyo timu za mbio hazitafuti tu watu wenye kasi. Zinatafuta watu wa kazi mbili. New England Patriots wa miaka ya 2011 na 2012 walikuwa na watu wa ndani wawili, Rob Gronkowski na Aaron Hernandez, na Hernandez aliweza hata kusimama nyuma kama mkimbiaji. Ukileta wanene, anaenda nje. Ukileta wepesi, anakaa ndani. San Francisco 49ers mwaka 2021 walifanya la namna hiyo na Deebo Samuel, mdakaji waliyempa mpira mkononi kama mkimbiaji hadi walinzi wakawa hawajui wamhesabu kundi gani.

Basi wanabadilisha lini?

Watu wanachoka, wanaumia, na wengine kazi yao ni ya hali fulani tu. Timu ya mbio haiwezi kukaa mechi nzima bila sabu. Ila inachagua nyakati ambazo sabu haina gharama.

Nyakati hizo ni zile ambazo mchezo umesimama wenyewe na walinzi wangebadilisha hata hivyo. Robo imeisha. Taimauti (mapumziko mafupi ambayo timu inaomba) imeitwa. Kuna adhabu na marefa wanajadiliana. Televisheni imekwenda kwenye matangazo. Mlango umeshafunguliwa na mtu mwingine, kwa hiyo nawe panda watu wako.

Namna ya pili ni jiografia. Uwanja una upana wa karibu mita 49. Mdakaji aliyekimbia yadi 40 mbele akakosa mpira hawezi kurudi kwenye mstari kwa sekunde 12 akiwa mzima, kwa hiyo kama kamalizia upande wa benchi lake, anatoka palepale na mwenzake anaingia. Inafungua mlango, lakini walinzi waliokimbizana naye nao wako mbali na benchi lao, ambalo kwa kawaida liko ng'ambo ya pili ya uwanja. Wanayo haki ya kubadilisha, wana safari ndefu ya kuitumia, na kocha wao akiona safari ni ndefu mno mara nyingi anaacha. Mimi hapa ndipo napouheshimu huu mchezo. Soka letu lina uzuri wake, lakini sijawahi kuona kocha wa soka akipanga mashambulizi kwa kuhesabu umbali kutoka kwa mchezaji hadi kwenye benchi.

Mbio zisizo na mbio

Kosa kubwa la watazamaji ni kudhani kwamba kucheza bila duara maana yake ni kuanza haraka kila mara. Kotabeki Peyton Manning, akiwa Indianapolis na baadaye Denver, alifuta duara, akawahi kwenye mstari, kisha akakaa hapo. Anapiga kelele, ananyooshea watu vidole, anabadilisha mawazo, saa inateremka hadi sekunde 5, 4, ndipo anaanza. Kasi iko wapi?

Iko kwenye tishio. Alikuwa mstarini tangu sekunde ya 25, anaweza kuanza wakati wowote. Benchi la walinzi halithubutu kutuma mtu. Anatumia dakika yake kuwasoma watu waliofungiwa. Mwaka 2013 Denver walifunga pointi 606 katika msimu, rekodi ya NFL, kisha wakapigwa 43 kwa 8 na Seattle kwenye Super Bowl, maana mtindo hauchezi peke yake.

Kuna faida nyingine ya kuwahi mstarini ambayo haionekani. Tangu 1994 kotabeki wa NFL ana redio ndani ya helmeti, kocha anaongea naye, lakini mawasiliano yanakatwa saa ikifika sekunde 15. Ukijipanga zikiwa zimebaki 27, kocha ana sekunde 12 za kuwatazama walinzi wamejipangaje na kumnong'oneza kijana wake. Ukijipanga zikiwa zimebaki 12, umeshabaki peke yako. Vyuo vikuu vikubwa vilipata redio hiyo mwaka 2024 tu, ndiyo maana yale mabango ya picha yalidumu kule kwa muda mrefu.

Upande wa waliochoka

Hasara ipo, na mashabiki wa mbio hawaitaji sana. Timu ikicheza haraka, ikashindwa majaribio matatu, ikapiga teke la kuwaachia wapinzani mpira, imetumia labda dakika moja na nusu. Walinzi wake walikuwa ndiyo kwanza wamekaa kunywa maji. Wanarudi. Chip Kelly alipouhamishia mtindo wake Philadelphia Eagles, kati ya 2013 na 2015, lawama hiyo ilimfuata hadi mwisho.

Mwaka 2014 kamati ya sheria ya vyuo vikuu ilipendekeza kwamba mpira usianzishwe hadi sekunde 11 zipite kwenye saa ya 40, ili walinzi wapate nafasi ya kubadilisha. Kocha Nick Saban wa Alabama na Bret Bielema wa Arkansas waliliunga mkono, wakitaja usalama wa wachezaji waliochoka. Makocha wa mbio wakaja juu, wakasema huo ni wivu uliovishwa koti la daktari, na pendekezo likaondolewa kabla ya kupigiwa kura ya mwisho. Hoja ya uchovu ina ukweli ndani yake. Lakini iliungwa mkono zaidi na makocha ambao walinzi wao walikuwa wakubwa na wazito, na hilo halikumpita mtu. Miaka michache baadaye Saban mwenyewe alikuwa anacheza haraka.

Waliokosa sheria wakatafuta dawa ya kienyeji: kuanguka. Mlinzi anashika paja, anajilaza, mchezo unasimama, benchi linabadilisha watu wote linaotaka, na baada ya jaribio moja mgonjwa anarudi anaruka. Septemba 2011 walinzi wawili wa New York Giants walianguka kwa wakati mmoja wakicheza na St. Louis Rams waliokuwa wanakimbiza mchezo, na ligi ikaandika barua ya onyo kwa timu zote. Tatizo ni kwamba hakuna refa anayeweza kumwambia mtu aliyelala chini kwamba haumwi. Wengine wanaumwa kweli.

Hata wale 12 uwanjani wana historia yao. Mwisho wa Super Bowl ya Februari 2012, Giants hao hao walikutwa na mlinzi wa ziada Patriots wakiwa wanatafuta bao la mwisho. Adhabu ya yadi 5 ilitolewa, lakini jaribio lilikuwa limeshachezwa na sekunde zilizoliwa hazikurudi. Mwaka huo huo NFL ikabadilisha: wakionekana 12 mpira unakaribia kuanza, filimbi inapigwa na mchezo unasimama kabla saa haijala kitu.

Nilipomaliza kumweleza haya mpwa wangu, mechi ilikuwa imeisha na adhana ya alfajiri inasikika. Akang'ang'ania lile la kuanguka. Nikamwambia vyuo vikuu vimejaribu kitu mwaka 2025: mpira ukishawekwa mahali pake kwa jaribio linalofuata, halafu mchezaji akalala chini hadi madaktari wakaingia kumtazama, timu yake inakatwa taimauti moja.

"Na kama wameishiwa taimauti?"

"Yadi tano."

Akafikiri kidogo. "Mimi ningelala kabla hawajauweka."